Wananchi na Mpaka Jumuiya Inapovunjika: Mafunzo ya Tabora na Njia ya Misafara

Makada wengi, tunapofundisha suala la mipaka, huanza na ramani. Tunaitundika ubaoni, tunaonyesha mstari, tunataja mwaka ambao mabeberu waliuchora, kisha tunaendelea na somo. Njia hii ina faida yake, kwa kuwa kada asiyejua mstari ulitoka wapi ni rahisi kudanganywa na kila anayedai kuusogeza. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa. Inamfundisha mwanafunzi habari za mstari, wala haimfundishi habari za mtu aliyesimama mbele ya mstari huo akiwa na mzigo kichwani.

Upungufu huu tuliuona darasani hapa Tabora. Tulikuwa tukizungumzia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967, na mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa wananchi waliunga mkono kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwaka 1977, kama tunavyosimuliwa, mbona magendo yalishamiri katika mpaka huo huo? Ama hawakuunga mkono, ama walikuwa wanafiki. Darasa lilicheka, nasi tukatoa jibu la haraka kuhusu walanguzi. Jibu lile halikutosha. Makala hii ni jaribio la kulilipa deni lile.

BARABARA ILITANGULIA MSTARI

Tabora iko mbali na mipaka yote ya nchi. Hata hivyo mji huu uliishi kwa kuvuka na kuvukiwa tangu kabla ya mistari ya ramani. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 walikuta kituo kikubwa cha biashara katika nchi ya Unyanyembe. Barabara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa, na hapa ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, jingine likaenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walikwenda pwani. Nguo za merikani, shanga, waya wa shaba na bunduki zikaja bara. Mizigo ilibebwa mabegani, na mabega mengi yalikuwa ya Wanyamwezi.

Katika barabara hiyo mpaka ulikuwa popote ambapo mtawala aliweza kuusimamisha msafara na kuudai hongo. Kule Ugogo, ambako maji ni haba na kiangazi ni kirefu, hongo ilikuwa nzito, na majadiliano yake yaliweza kuchukua siku nyingi. Tuwaangalie watu watatu waliokuwa pale. Mtemi na watu wake waliona hongo ni haki: wageni wanakunywa maji ya visima tulivyovichimba sisi, wanakula nafaka yetu, wanapita katika nchi yetu, basi watoe. Tajiri mwenye msafara aliona ni unyang'anyi. Na mpagazi? Mpagazi hakulipa hongo wala hakuipokea. Yeye aliketi juani kando ya mzigo wake, akisubiri wakubwa wamalize, huku posho yake ikipungua. Ukimwuliza kila mmoja wa hao watatu maoni yake juu ya mpaka wa Ugogo, utapata majibu matatu, na yote ni ya kweli kwa kadiri ya mahali alipo anayejibu.

Mwaka 1871 mgogoro wa barabara hii ulifikia vita. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyetaka biashara iliyopita katika nchi yake imnufaishe yeye na dola yake, aliifunga njia ya Ujiji dhidi ya Waarabu wa Unyanyembe. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu, wakashindwa, na ikambidi azunguke kusini ili afike ziwani. Alipoingia Uha alitozwa hongo, akalipa. Akatozwa tena, akalipa. Alipoambiwa kwamba mbele kuna wengine wanaodai, alitafuta mtu wa kuwaongoza, akaondoka usiku kupitia porini na mizigo yake yote ya nguo na shanga. Vitabu vya wakoloni vilimsifu kwa ujasiri huo. Angefanya vivyo hivyo mwaka 1980 pale Sirari, sisi tungemwita mtu wa magendo na tungemfikisha mahakamani.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba njia ya panya haikuzaliwa na upungufu wa uzalendo. Ilizaliwa siku ile ile kizuizi kilipowekwa barabarani, na ilitumiwa kwanza na wenye mali.

Mistari yenyewe ilikuja baadaye. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalichora mpaka kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukizunguka mguu wa Kilimanjaro. Mapatano ya Julai 1890 yaliupeleka magharibi mwa ziwa kwa kufuata latitudo ya digrii 1 kusini. Aliyeamua hivyo hakujua, wala hakujali, kwamba mstari huo utauacha mto Kagera upande wa kusini na kuikata nchi ya watu. Tabora nayo ilionja uchoraji huo. Wabelgiji waliuteka mji mwezi Septemba 1916, na baada ya vita walipewa na Waingereza, kwa mkataba wa mwaka 1921, maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, bila kikomo cha muda. Mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ikawa inapita katika reli yetu pasipo kutozwa ushuru wetu. Mwalimu Nyerere alitamka mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni, kwamba Tanganyika haiwezi kufungwa na upangishaji wa milele uliofanywa na mtawala ambaye yeye mwenyewe hakuwa na mamlaka ya milele juu ya nchi hii.

JUMUIYA NA RELI

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Makao makuu yakawa Arusha. Mashirika yaligawanywa ili kila nchi ipate sehemu: Reli na Ndege Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala. Kwa kuwa Kenya ilikuwa imerithi kutoka kwa mkoloni viwanda vingi kuliko wenzake, iliwekwa kodi maalumu ambayo nchi yenye upungufu katika biashara ya ndani ya Jumuiya iliweza kuitoza kwa bidhaa za mwenzake ili kulinda viwanda vyake vichanga.

Sababu za kuvunjika zimeandikwa sana, nasi hatutazirudia kwa urefu. Viwanda vilizidi kukaa upande mmoja. Tanzania ilifuata Azimio la Arusha, Kenya ikafuata njia ya ubepari. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mwezi Januari 1971, Mwalimu alikataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka ya wakuu wa nchi haikukutana tena. Fedha za mashirika zikaanza kukwama katika kila nchi pasipo kufika makao makuu. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege likasimama, Kenya ikaunda lake, na mapema mwezi Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Juma lile lile, tarehe 5 Februari, TANU na ASP ziliungana na Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa. Ilipofika mwisho wa Juni hapakuwa na bajeti ya Jumuiya, na Jumuiya ikafa. Kilichofuata ni mazungumzo marefu ya kutoka: nani atachukua injini zipi, meli zipi, madeni yapi. Mpatanishi, Victor Umbricht wa Uswisi, alifanya kazi hiyo kwa miaka, na makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Mpaka ulikuwa umefunguliwa miezi michache kabla, Novemba 1983.

Sasa tumwulize mwanafunzi wetu: mpaka ule uliofungwa ulikuwa wapi? Atasema Namanga, Holili, Horohoro, Sirari. Ni kweli. Lakini ulikuwa pia Tabora, katika makutano ya reli. Mabehewa yaliyokwenda Mwanza yaliweza kupakiwa katika meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, yakavuka ziwa hadi Kisumu na Jinja. Matengenezo makubwa ya injini za dizeli yalitegemea karakana ya Nairobi. Jumuiya ilipokufa, Umoja ikabaki kwetu na Uhuru ikabaki Kenya, majina ambayo mtunzi wa hadithi asingethubutu kuyabuni. Kwa jumla kila nchi ilishika kilichokutwa katika ardhi yake. Shirika la Reli Tanzania lilianza na injini zilizokuwa zikihitaji karakana ambayo sasa ilikuwa nchi ya kigeni. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, ambaye hajawahi kuiona Namanga wala hatarajii, alikutana na mpaka ule katika stesheni yake mwenyewe, akisubiri behewa.

MOYO WA ASUBUHI NA MOYO WA JIONI

Turudi kwenye swali la unafiki. Wazee wetu hapa Tabora wanakumbuka mambo mawili kwa pamoja, na hawaoni haya kuyasimulia katika sentensi moja. Wanakumbuka fahari. Magazeti yetu yaliuita mfumo wa Kenya mfumo wa mtu kumla mtu. Upande wa pili wakajibu kwa kejeli kwamba kwetu mtu hana cha kula. Katika hali hiyo kufunga mpaka kulionekana kama kusimama wima. Gari la Nairobi lililokuwa likileta watalii Serengeti na kurudi nao jioni, pesa zikibaki Nairobi, lilizuiliwa. Watu walishangilia, na hawakulazimishwa.

Na wanakumbuka sabuni. Walikumbwa na uhaba wa sabuni, sukari, mafuta ya kula na dawa ya meno. Wakafua kwa majani ya mpapai. Wakapanga foleni katika duka la kaya kutwa nzima. Bidhaa iliyotoka Kenya kwa njia za panya ilifika hadi huku kwetu magharibi, ikauzwa chini ya kitanda. Mtu aliyeshangilia asubuhi aliinunua jioni.

Je, huu ni unafiki? Sisi tunasema hapana, na hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu. Neno mpaka linabeba maswali mawili yaliyo tofauti. Swali la kwanza ni: mstari uko wapi, na nani mwenye nchi? Swali la pili ni: mstari unafanya nini, unamzuia nani na unampitisha nani? Wananchi huyajibu maswali haya kwa mioyo miwili. Swali la kwanza hujibiwa kwa fahari, na jibu lake huwa moja. Swali la pili hujibiwa kwa haja, na majibu yake hugawanyika kwa kadiri ya mahali mtu alipo katika uchumi.

Mfano wa swali la kwanza ni Kagera. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Alitumia kosa la wale waliochora kwa latitudo mwaka 1890, akadai kuwa mpaka wa haki ni mto. Msimamo wa Afrika ulikuwa umekwisha kuamuliwa Cairo mwaka 1964, kwa pendekezo la Mwalimu mwenyewe, kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe, pamoja na ubovu wake, maana kuanza kuirekebisha ni kuanza vita visivyo na mwisho. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, maelfu wakakimbia. Hapa hapakuwa na moyo wa asubuhi na moyo wa jioni. Treni zilizopeleka askari Mwanza zilipita Tabora, na mji ulikuwa na kauli moja. Ilikuwa hivyo hadi Kampala ilipokombolewa mwezi Aprili 1979, na hata leo hatujamsikia mzee anayesimulia habari za Kagera kwa sauti ya kunong'ona.

Mfano wa swali la pili ni Sirari na Namanga. Hapo hakuna aliyebishania mstari uko wapi. Kilichobishaniwa ni kazi ya mstari, na majibu yaligawanyika. Mkurya wa Tarime ana shangazi ng'ambo. Mmasai anafuata majani na maji, na mvua haina paspoti. Mkulima wa kahawa aliona bei: baada ya baridi kali kuiharibu kahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda sana, na mwenye kahawa karibu na mpaka alijua ni upande gani atalipwa zaidi na atalipwa haraka. Uganda ilikuwa hivyo hivyo. Magendo ya kahawa ya Chepkube, mpakani mwa Kenya na Uganda, yaliwatajirisha watu upesi hata jina la mahali likawa kama methali. Mlanguzi naye tunamfahamu vibaya. Tunadhani anauchukia mpaka uliofungwa. Anaupenda! Mpaka ukiwa wazi, sabuni ni sabuni tu. Ukifungwa, sabuni ni mtaji. Kila askari anayeongezwa barabarani humwongezea mlanguzi mkubwa bei, na humwondolea mshindani mdogo.

Hatari ipo pale ambapo sisi makada tunalijibu swali la pili kwa lugha ya swali la kwanza. Tukifanya hivyo, mwanamke mwenye vipande 6 vya sabuni katika kanga anakuwa jamaa ya Amin. Lazima tujikosoe hapa. Katika kampeni dhidi ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983 walikamatwa wahujumu wa kweli, lakini walikamatwa pia watu wadogo ambao kosa lao lilikuwa kuwa na bidhaa wakati ambapo duka la umma halina. Wengine walitupa mali mtoni na porini kwa hofu, na nchi yenye njaa ya bidhaa ikapoteza bidhaa. Mwaka uliofuata, bajeti ya 1984/85 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mengi yaliyokuwa magendo jana yakawa biashara leo. Sabuni haikubadilika, wala mwenye kuinunua hakubadilika. Kilichobadilika ni kizuizi.

WALE AMBAO HAWAKUULIZWA

Kuna kundi moja ambalo vitabu vya Jumuiya hulipita haraka, nalo limejaa katika mji wetu: wafanyakazi wa mashirika. Kijana wa Tabora aliyeajiriwa na Reli ya Afrika Mashariki aliweza kupangiwa Kisumu, Tororo au Voi. Kwake mpaka ulikuwa jina la stesheni. Mwaka 1977 alirudishwa nyumbani, au alijikuta nyumbani, akiwa ametumikia chombo ambacho hakipo. Makubaliano ya mwaka 1984 yaliamua kwamba kila nchi itawalipa wafanyakazi wake yenyewe mafao na pensheni zao. Kwa maandishi lilikuwa jambo la haki. Kwa vitendo, wastaafu wa Tanzania walidai kwa miaka mingi, wakafika mahakamani, na ilikuwa mwaka 2005 ndipo makubaliano ya malipo yalipofikiwa. Hesabu miaka: 28 tangu Jumuiya ife. Wengi walilipwa kupitia wajane na watoto wao, na wapo walioendelea kulalamika hata baada ya hapo kwamba hesabu haikuwa sawa.

Tumewahi kuketi na wazee wa reli. Ukiwauliza kama Tanzania ilikosea kuufunga mpaka, wengi watakataa kusema hivyo. Watasema Kenya ilizidi. Ukiwauliza habari za mafao, utakaa hadi chai ipoe. Hapo utaona tena mioyo miwili, lakini safari hii moyo wa haja una nyaraka: barua za kuajiriwa, hati za mshahara, zimefungwa katika mfuko wa nailoni na kuwekwa juu ya kabati. Mazungumzo ya kutoka katika Jumuiya yalikuwa na wanasheria wa mali na wahasibu wa madeni. Mwenye mfuko wa nailoni hakuwa na kiti.

Kundi jingine liko Ulyankulu. Mwaka 1972, baada ya mauaji makubwa ya Burundi, maelfu ya wakimbizi waliuvuka mpaka wetu wa magharibi na kupewa makazi Ulyankulu hapa Tabora, na Katumba na Mishamo kusini zaidi. Kwao mpaka ulikuwa wokovu wakati wa kuuvuka, na baadaye ukawa swali la kila siku: wewe ni wa wapi? Serikali ilianza mwaka 2007 mpango wa kuwapa uraia, na zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo matatu waliupata. Anayetaka kujua maoni ya wananchi juu ya mpaka na akaliacha kundi hili atakuwa amewauliza waliolala salama tu.

KUTOKA BILA KUFUNGA, NA KUFUNGA BILA KUTOKA

Ulinganisho huu wa mwisho ndio uliotusaidia zaidi darasani. Mwezi Septemba 2000 Tanzania ilijitoa katika COMESA, jumuiya ya soko la mashariki na kusini mwa Afrika. Kwa maana ya mkataba lilikuwa tukio kubwa. Wenye viwanda na wataalamu walibishana. Lakini mwulize mama muuza dagaa wa Kigoma, au dereva wa lori la Tunduma, anakumbuka nini kuhusu siku hiyo. Hapakuwa na geti lililoshushwa. Zambia na Kongo zilikuwa pamoja nasi katika SADC, barabara ikabaki wazi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika maboti yakaendelea. Kutoka kulikuwapo, mpaka haukubadilika machoni pa watu, na hisia hazikuwapo.

Kinyume chake ni mwezi Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda. Zote mbili zimo katika Jumuiya mpya tangu mwaka 2007. Hakuna aliyejitoa, hakuna mkataba uliofutwa, lakini mwenye kibanda upande huu na mteja wake upande ule walikatwa siku moja. Mwananchi hahukumu mkataba, huhukumu kizuizi.

Ulaya nako wamejifunza kwa gharama yao. Uingereza ilipopiga kura mwaka 2016 kujitoa katika Umoja wa Ulaya, watu wa Ireland ya Kaskazini walikuwa wamekataa kwa asilimia 55.8. Kwao mpaka na Jamhuri ya Ireland ulibeba maswali yote mawili kwa wakati mmoja: mstari wenyewe ulikuwa umebishaniwa kwa damu hadi makubaliano ya Aprili 1998, na kazi ya mstari ilikuwa imefifia hata mkulima akavuka na trekta bila kusimama. London iliendesha mazungumzo kana kwamba ni suala la ushuru tu, ikakuta kila kibanda cha forodha kinaamsha swali la nchi ni ya nani. Ilibidi ukaguzi wa bidhaa uhamishiwe baharini, na hapo kundi jingine, lile linalotaka kubaki na Uingereza, likalalamika kwamba sasa mpaka umewekwa mlangoni mwake.

Afrika Magharibi, Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi katika ECOWAS tarehe 29 Januari 2025, na umati uliingia barabarani kuunga mkono. Tusiudharau umati huo. Unajibu swali la nani mwenye nchi. Lakini wakati wa vikwazo baada ya mapinduzi ya Niger ya mwaka 2023, daraja la mto Niger kati ya Gaya na Malanville lilipofungwa, mitumbwi ilibeba watu na mizigo chini ya daraja lile lile. Mzee wa Tabora hahitaji kuelezwa maana ya picha hiyo.

Kwa makada wanaokwenda kukusanya maoni ya wananchi katika wilaya za mpakani, tunaongeza jambo moja la kazi. Ukiuliza katika mkutano wa hadhara, mbele ya bendera na mwenyekiti, utapewa jibu la swali la kwanza, hata kama umeuliza la pili. Ukiuliza gulioni utapewa jibu la pili, tena kwa tahadhari, hasa kama umekuja na gari la serikali. Andika yote mawili, na andika ulikuwa wapi ulipoyasikia. Mwaka jana tuliwatuma wanafunzi stesheni kuzungumza na wapakiaji wa mizigo iendayo Kigoma, ambayo nyingine huvuka kwenda Bujumbura na Kalemie. Walirudi na malalamiko juu ya kucheleweshwa kwa mabehewa, bei ya kupakia kwa gunia, na mvua iliyovuja katika mahindi. Mmoja alisikitika kwamba hakuna aliyezungumzia mpaka. Tulimrudisha stesheni.